Mahari Chini ya Kifuniko

Wasomaji wangu, leo tumefika mahali nilipokuwa napakwepa. Kila wiki nawasimulia mikosi yangu, nanyi mnanihurumia, nami naipokea huruma yenu kama mtu anayeistahili. Leo mtanichukia kidogo, na mtakuwa na haki.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Maurice, mzaliwa wa Butembo, mkaaji wa Kisangani kwa miaka ishirini na miwili. Nauza makayabu, samaki wa chumvi, kwa jumla. Mke wangu Kanyere nilimzika miaka sita iliyopita. Nikabaki na mtoto mmoja, Franck, na pikapu moja nyeupe. Wiki jana niliwaacha pale barabarani, nimesimama kunywa chai, wezi wakapasua turubai la pikapu kwa kisu na kuondoka na katoni za samaki.

Basi siku ile niliapa. Nikasema hakuna mkono wa mtu utakaogusa tena kitu changu bila ufunguo wangu mimi. Ndipo nikaenda kwa Noël.

Noël ni fundi wa bodi za magari, kwenye njia ya Bangboka. Anauza kila kitu kinachowekwa kwenye benne, yaani lile sanduku la nyuma la pikapu. Ana vya kufunika juu na vya kutandika chini. Alinitembeza kibandani kwake taratibu, kama mtu anayeonyesha watoto wake.

"Papa Franck, hapa iko turubai. Mupya, nene, na kamba yake. Pale iko ya aluminium, inajikunja kama mulango ya butiki. Na hii," akalipiga kofi bamba jeusi linalong'aa, "hii ni fibre. Iko nguvu. Inafungwa na ufunguo."

"Nipe hiyo."

"Ngoja kwanza. Unabebaka nini?"

"Makayabu. Si unajua?"

"Bon. Makayabu inahitaji hewa. Kamata turubai nene. Na chini uweke tapis ya mpira. Mpira unaitoa, unasafisha, unaanika ku jua, unarudisha. Roho inatulia."

"Na ile?"

Nilikuwa nimeona beseni la plastiki, jeusi, limetengenezwa kwa umbo lilelile la benne. Unalitumbukiza ndani, linafunika sakafu na kuta zote, hakuna kovu la gari linaloonekana tena. Lilikuwa zuri. Niseme ukweli, lilikuwa zuri kuliko gari lenyewe.

"Ah, bac ya plastiki. Kitoko, eh? Lakini maji ya chumvi ikiingia chini yake, haitokake. Juu unaona kavu, chini inaoza. Kwa mutu ya simenti, sawa. Kwa wewe, hapana."

"Noël, wewe unauza ao unakataza?"

Akacheka. "Nauza, Papa. Lakini batu wataikala wapi? Fibre haiikaliwe juu. Mutu akiikala, inapasuka."

"Batu gani?"

Aliniangalia kidogo, halafu akachukua futi yake akaanza kupima.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimemzidi Noël miaka kumi, kwa hiyo nilidhani methali hii hainihusu.

Niliondoka na vyote viwili, kifuniko cha fibre juu na bac chini, na miezi miwili nilikaa kama mfalme. Napakia samaki, nashusha kifuniko, nageuza ufunguo, natia mfukoni. Asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, nilikuwa nimekwisha kukifuta kile kifuniko kwa kitambaa laini. Franck aliniambia bonjour nami nikamjibu bila kugeuka.

Lakini niseme na hili. Mtu hafuti kifuniko cha gari kila asubuhi kama ana wa kuongea naye. Kanyere alipokuwa hai, uwanja wetu wa Kabondo haukukauka watu. Huyu ameleta pondu, yaani kisamvu, yule anaazima kinu, mwingine analia mambo ya mume wake. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba hawaniachi nilale. Alipokufa, walikuja matanga, wakaja mwezi wa kwanza, wakapungua, wakaisha. Majirani walikuwa wa Kanyere. Mimi nilikuwa na Kanyere tu, na baada yake nikanyamaza, nikafunga lango.

Sasa sikilizeni furaha iliyonijia.

Jioni moja Franck aliniambia amepata mchumba. Binti anaitwa Adeline, mshonaji, wa kule Simi-Simi. Familia yake ni watu wa mto, wa Yanonge.

"Papa," akasema, "tumeongea na Adeline. Hatutakuacha peke yako. Kisha ndoa tutaikala hapa, na wewe."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta dawa ya mbu. Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua sahani nne, kwa sababu nyumbani zilikuwa zimebaki mbili.

Hicho ndicho nilichokitaka, wasomaji wangu, na sikutaka kingine. Mahari ikikubaliwa, nyumba yangu itakuwa na sauti tena. Ikikataliwa, Franck atamfuata yule binti popote, maana namjua, na mimi nitakufa siku moja pale nyumbani waje kuniona baada ya wiki.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupeleka mahari, Franck alinijia uwanjani. Nyuma yake langoni alisimama Orpha, kiongozi wa kwaya anayoimbia Franck parokiani.

"Papa, Orpha anauliza bamama wa kwaya watapanda saa ngapi."

"Kupanda wapi?"

"Ku gari, Papa. Juu ya vitu. Mahari inaendaka na nyimbo."

"Juu ya kifuniko yangu? Bamama kumi na mbili? Wataipasua!"

"Alors tuitoe, Papa. Siku moja tu."

"Na bezi?" nikauliza, maana wale wezi wa turubai walikuwa hawajanitoka kichwani.

"Bezi gani, Papa? Toka Kabondo mpaka Simi-Simi, saa tano ya asubuhi?"

"Nimesema hapana. Wanataka kukwaruza kitu ya batu bure."

Orpha alikuwa anasikia yote. Alisema, "Pardon, Papa Franck," kwa adabu kabisa, akaondoka zake. Nami, Mungu anisamehe, niliona nimeshinda.

Franck hakubishana. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua kifuniko, akainama.

"Papa, basi nitoe bac nioshe chini yake. Inanuka."

"Inanuka nini? Mimi sisikie kitu."

"Wewe haiwezekani usikie, Papa."

"Acha! Utaharibu vifungo. Tandika gazeti, inatosha."

Mtu aliyeuza makayabu miaka ishirini na miwili hasikii harufu ya makayabu. Hilo kila mtu sokoni analijua. Mimi pia nalijua, lakini kwa wengine.

Jumamosi tukapakia. Gunia la chumvi, gunia la mchele, taa, blanketi mbili nene, suti ya baba mkwe, liputa sita, yaani vitenge, za mama mkwe zikiwa bado na karatasi zake, na dame-jeanne, chupa kubwa ya mvinyo. Mbuzi wawili walitangulia kwa pikipiki, maana hata mimi nilijua mbuzi hafungiwi chini ya fibre. Nikashusha kifuniko, nikageuza ufunguo. Jua lilikuwa limeanza kuchoma.

Msafara wetu ulikuwa watu watatu. Franck aliendesha, mimi nilikaa kando yake, na kiti cha nyuma alisinzia katekista mzee wa parokia, niliyemwomba awe msemaji wetu. Katika mji huu nilioishi miaka yote hiyo, sikuona mwingine wa kumwomba.

Simi-Simi walikuwa wametungojea tangu alfajiri. Wametandika viti, wamepika, na wazee wanne walikuwa wamepanda mto toka Yanonge na pirogue, mtumbwi wao, siku nzima juu ya maji, kwa ajili yetu. Walipoona gari, wanawake walitoka mbio barabarani na vigelegele. Wakafika karibu, wakatazama nyuma ya gari, vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Mahari iko wapi?" mmoja akauliza.

"Iko ndani," nikasema, nikipigapiga kifuniko kwa kiganja. "Imefungwa vizuri."

"Imefungwa juu ya nini?"

"Juu ya bezi, mama!"

Nilitaka iwe mzaha. Nilicheka peke yangu. Kumbe nimesimama mlangoni pa wakwe na neno la kwanza nililowaletea ni wezi.

Hapo akatoka noko Liévin. Noko ni mjomba, ndugu wa mama, na kwao neno la mwisho juu ya binti ni lake. Alikuwa mwembamba, mtulivu, mikono yake ina alama za nyuzi za nyavu. Alinipa mkono, akazunguka gari mara moja.

"Bokilo," akaniita, yaani mkwe, "karibu. Bon. Kwetu ku mayi, mutu akileta mahari anapakia pirogue, na pirogue haina kifuniko. Kila kijiji inaona: chumvi iko, mbuzi iko, batu iko. Bale banaona, ni bo bashahidi. Sasa wewe umetuletea sanduku."

"Noko, pardon," nikajitetea. "Kwetu Butembo kitu ya maana inafunikwa. Barabara yetu iko mubaya. Ukionesha, banakunyang'anya."

Na huo ndio ukweli, wasomaji. Sisi watu wa barabara tumefunzwa kuficha, wao watu wa mto wamefunzwa kuonyesha. Ningelijua hilo mapema kama ningewahi kukaa na mtu wa mto nikamuuliza habari zake. Nilikuwa nawauzia samaki tu.

"Nimesikia," akasema noko. "Fungua."

Nikageuza ufunguo. Kifuniko kikapanda.

Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani kwa kosa ambalo hakulitenda. Hata mimi, safari hii, niliisikia. Wanawake walirudi nyuma hatua tatu. Katekista wangu aliamka kabisa.

Mama yake Adeline ndiye aliyesogea. Alichukua liputa moja, akaisogeza puani, akairudisha taratibu juu ya zile nyingine, akainyoosha na karatasi yake. Angenitukana ningeumia kidogo.

Mtoto mmoja akacheka nyuma ya ua. Halafu ua mzima ukacheka.

"Bokilo," akasema noko Liévin, "hii ni nini?"

Sasa nimefika mahali pa kuungama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ni mimi, nilikataza gari lisioshwe. Maneno matano tu. Lakini wale wazee wanne walikuwa wananitazama, na ua unacheka, na ulimi wangu ukatangulia kichwa.

"Ni huyu kijana!" nikapaza sauti, nikimnyooshea Franck kidole. "Jana nilimwambia aoshe gari. Nilimwambia mara mbili! Batoto ya leo habasikie."

Nilimsingizia mwanangu, siku ya mahari yake, mbele ya mchumba wake.

Franck aligeuka kunitazama. Ningependa kuwaambia alikasirika. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa aliyejichafua kitandani, unayemwonea haya kwa niaba yake. Adeline alikuwa dirishani, na nikaona anaziba mdomo kwa mkono. Nikajua kwamba Franck alikuwa amemsimulia yote kwa simu usiku ule wa Ijumaa.

"Ni kweli, kijana?" noko akamuuliza.

"Ndiyo, noko. Nilisahau. Munisamehe."

Noko Liévin alivua viatu, akapanda ndani ya benne, akasogeza gunia la chumvi, akaingiza kisu chini ya ukingo wa lile beseni la plastiki. Akainua. Maji ya rangi ya chai yakatiririka mpaka kwenye mlango wa nyuma, na ndani yake magamba, na vitu vingine vilivyokuwa hai.

"Mimi nazaliwa ndani ya samaki," akasema bila kuinua kichwa. "Hii maji si ya jana. Hii iko na mwezi mbili. Tazama, chuma imeanza kuliwa." Halafu akamgeukia Franck. "Kijana, ulisahau mwezi mbili?"

"Ndiyo, noko," akajibu Franck. "Nasahauka sana."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa laini, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi hakuna aliyenitazama.

Wazee waliingia ndani na noko. Tulikaa kwenye viti vya plastiki muda mrefu. Katekista alitaka kuniliwaza akasema, "Bwana anajua," nami nikamwomba anyamaze.

Walipotoka, noko Liévin alisimama mbele yangu. Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

"Bokilo, kijana tumemupenda. Mutoto mwenye kufunika haya ya baba yake, huyo atafunika haya ya bibi yake pia. Harufu si kitu, liputa banafua. Lakini sisi hatuozeshake binti kwa mutu mumoja na motokari. Tunaozesha kwa batu. Adeline akigonjwa, nani atakuja? Akizaa, nani atapika? Tumeona vitu yako. Batu yako iko wapi?"

Nikamgeukia katekista, ndiye pekee niliyekuja naye.

"Kesho, kisha misa ya pili," akaendelea, "urudi. Gari wazi, bila sanduku. Vitu juu, na batu juu ya vitu, banaimba. Na habatakuwa batu ya kukodi, tutabajua. Wazee wanarudi Yanonge Jumatatu, habatapanda mto mara mbili juu ya jambo moja. Ukikuja, tunakula pamoja. Haukukuja, tunarudisha mbuzi zako, na neno imeisha."

Nilisema ndiyo. Ungesema nini?

Franck alinisindikiza mpaka garini. Aliweka ufunguo wa gari kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Papa, mimi nabaki huku leo. Wameomba nibaki na wazee."

"Sawa."

"Kesho ukikuja na batu, tutarudi nyumbani batatu. Kama haukukuja..." Akatazama chini. "Adeline ana shangazi Basoko. Tutashuka mto. Usiningoje, Papa."

Nilitaka kumwambia, nisamehe mwanangu. Nilikuwa nalo midomoni, neno zima. Kilichotoka ni, "Funga mlango vizuri, unaingiza vumbi."

Akaufunga vizuri.

Nilimshusha katekista kwake, naye akanikumbusha kwamba kesho anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Saa tisa nilikuwa uwanjani kwangu, Kabondo, peke yangu na vitu vya mahari. Nilivishusha kimoja kimoja. Nilianika liputa kwenye kamba ya nguo ya Kanyere, zote sita, na blanketi, na suti. Niliona zinavyocheza na upepo. Sahani zangu sita zilikuwa mezani, nne bado zina kibandiko cha duka.

Nikampigia Orpha.

"Papa Franck, bonjour."

"Orpha, mwanangu. Kesho kisha misa ya pili. Mupande gari, mote kumi na mbili. Muimbe. Kifuniko natoa."

"Papa, bamama walitengeneza nguo moja juu ya siku ya leo. Walibaki nyumbani na nguo yao. Sasa kesho tumekubali ubatizo kule Mangobo. Hatuwezi kubaambia hapana batu ya Mangobo."

"Hata bawili?"

"Nitauliza, Papa. Lakini usitumaini."

Alikuwa na adabu ileile ya jana. Nikamshukuru, nikakata.

Nikapekua simu yangu. Wasomaji, fanyeni hivi siku moja, mtajijua. Kwenye simu yangu watu wanaitwa kwa mizigo yao: Katoni Mangobo, Chumvi Lubunga, Mafuta Basoko. Nilishuka toka juu mpaka chini, nikapanda tena. Nilipata namba ya Noël, haikupatikana. Nilipata namba ya mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Butembo, nikakumbuka nilijitoa mwaka ule aliponiomba nimpeleke mgonjwa nikasema gari lina kazi. Nilipata namba ya Kanyere. Sijawahi kuifuta. Kidole kilisimama pale kwa muda, nikaona aibu, nikazima simu.

Basi nikasema nianze na kitu ninachokiweza. Nitoe kifuniko.

Nilileta spana. Vifungo sita, vikatoka bila shida. Nikasimama upande mmoja, nikainua. Kikapanda kiasi cha kiganja, upande wa pili ukakwama. Nikazunguka nikainua upande wa pili, wa kwanza ukarudi chini. Nikapanda ndani ya benne nikainama, nikakisukuma kwa mgongo kama mbeba gunia. Kikateleza, kikaniangukia vidole. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Noël walikibeba vijana wanne, na hata wao walipumzika katikati.

Nilikaa chini kando ya gurudumu, vidole mdomoni. Nimelia mara mbili tangu nizaliwe. Siku ya Kanyere, na pale.

Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti. Watu wanacheka, sufuria zinagongana, mwanamke anamwita mtu aje kuonja chumvi, mwanamume anaimba vibaya na wengine wanamzomea. Watu wanne, watano, labda wanane. Nilikuwa nazisikia sauti hizo kila siku, tangu walipohamia miaka minne iliyopita, na kila siku nilikuwa nasema, watu wa kelele hawa.

Nilisimama. Nikanawa uso. Nikavaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Nilitoka langoni kwangu, nikatembea hatua ishirini, nikasimama mbele ya lango lao la bati. Nilijaribu kukumbuka jina la mwenye nyumba. Nikajaribu kukumbuka uso wa hata mmoja wao. Vidole vilikuwa vimevimba, nikabisha kwa mkono wa kushoto.

Vicheko vikakatika ndani.

"Ni nani?" sauti ya mwanamke.

"Jirani, mama."

"Jirani gani?"

"Wa hapa kando. Wa lango ya bluu."

Nikamsikia akigeuka kuwaambia wenzake kitu kwa Lingala, mtu akajibu, halafu sauti yake ikarudi, karibu zaidi, nyuma tu ya bati.

"Lango ya bluu? Lakini papa, mule mote sisi tunaonaka tu motokari inaingia na kutoka. Kumbe munaikalaka mutu?"

"Iko mutu, mama," nikasema. "Niko mimi. Ninaomba musaada."

Nikasikia komeo linasogea kwenye bati, na toka pale nje sikuweza kujua kama alikuwa analifungua au analikaza.